Mafuta ya Usiku wa Manane Hayachomwi Mchana

Mtahiniwa anayetaka kumsifu mtu mwenye bidii katika insha ya Kiingereza hupenda kukimbilia nahau "burn the midnight oil" (kuchoma mafuta ya usiku wa manane, yaani kufanya kazi hadi usiku mwingi), na mara nyingi hapo ndipo insha inapomwendea kombo. Chukua sentensi kama "Juma burnt the midnight oil from morning till evening". Sarufi yake haina dosari. Kilichokosewa ni saa. Mwaka 1635, mshairi Mwingereza Francis Quarles alipoyataja mafuta hayo, aliyaweka upande mmoja na jasho la mchana upande wa pili, na mpaka huo haujafutika hadi leo.

Atatokea wa kupinga kwamba nahau ni picha iliyokwisha kufa, maana siku hizi nani anajaza taa mafuta ili adurusu? Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ukiandika kwamba mhasibu aliyachoma mafuta hayo mbele ya kompyuta, Mwingereza hashtuki, kwa hiyo mafuta kweli yamekufa. Ukiandika kwamba huyachoma kila asubuhi, atasita, kwa kuwa usiku ungali hai. Sisi tuna kipimo chepesi, nacho ni kitenzi "kukesha": pale kisipokaa, nahau hii nayo haikai. Hiyo "the" pia isidondoshwe, ingawa Kiswahili hakina neno la namna hiyo na mkono wetu hulisahau. Wala nahau yenyewe isichanganywe na jirani yake, "burn the candle at both ends", ambayo wengi huitoa kama sifa ilhali inamsema mtu anayejimaliza mwenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Kiingereza sasa ni chetu pia, tuna haki ya kukigeuza. Haki ipo, na nahau hugeuka kweli: katika karne ya 16, kumbana mtu pua kwenye kinoo, "nose to the grindstone", kulikuwa kumtesa, leo mtu hujibana mwenyewe na kusifiwa. Lakini mageuzi hayo yalipita vinywani mwa watu waliokuwa wakielewana. Mtahiniwa aliyekariri orodha ya nahau hajageuza maana, hajaifikia bado. Kwa bidii ya mchana "worked hard" inatosha kabisa, isipokuwa kwa msahihishaji anayetoa alama kwa kuhesabu nahau, na huyo ana sehemu yake katika kosa hili.