Mjomba au Baba Mkubwa? Uhamishaji wa Katuni za Black Panther kuwa Filamu kwa Jicho la Uluguru

Utangulizi

Uhakiki wa filamu zilizotokana na hadithi za katuni umetawaliwa kwa muda mrefu na swali moja: je, filamu imekuwa aminifu kwa katuni iliyoizaa? Watunzi wenyewe wamelijibu kwa njia zinazopingana. Marjane Satrapi alishiriki kuiongoza filamu ya Persepolis (2007), iliyotokana na kazi yake mwenyewe, ilhali Alan Moore hakukubali jina lake litajwe katika filamu ya Watchmen (2009). Makala haya yanahoji kwamba swali hilo halitoshi kwa hadhira ya Afrika Mashariki, ambayo kwa sehemu kubwa imeifahamu filamu kabla ya katuni. Msomaji wa Morogoro aliyekulia katika katuni za jarida la Sani huipima filamu ya kigeni kwa maisha anayoyajua. Hoja hii inafafanuliwa kwa kuhakiki filamu ya Black Panther (2018), iliyoongozwa na Ryan Coogler, kwa kuzingatia mfumo wa ukoo wa Waluguru, ambao hufuata upande wa kukeni.

Kilichobadilishwa

Mhusika T'Challa alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, katika toleo la 52 la Fantastic Four. Lee mwenyewe anaonekana kwa muda mfupi katika filamu, jambo linaloweza kuchukuliwa kuwa ishara ya ridhaa. Hata hivyo, filamu haikuifuata katuni kikamilifu, na baadhi ya mabadiliko yake yana manufaa makubwa. Mwaka 1969 katuni ilimleta M'Baku kwa jina la Man-Ape, lililomfananisha Mwafrika na nyani. Filamu ililiacha jina hilo na kumfanya M'Baku kiongozi wa Wajabari mwenye hadhi na ucheshi: anamtishia mgeni Mmarekani kuwa atawalisha watoto wake nyama yake, kisha anacheka na kueleza kuwa wao hawali nyama. Nakia naye, ambaye katika katuni aligeuka adui kwa sababu ya mapenzi yaliyomzidi, katika filamu ni mpelelezi mwenye msimamo wake kuhusu wajibu wa Wakanda kwa majirani. Hapa kutokuwa aminifu ni fadhila. Kuifuata katuni neno kwa neno kungekuwa kuirudia dharau yake.

Mabadiliko ya lugha yana sura mbili. Ramani za katuni huiweka Wakanda Afrika Mashariki, jirani na Ziwa Turkana, na majina kama Jabari na Kimoyo hayalipigi chenga sikio la msemaji wa Kiswahili. Hata hivyo, lugha ya Wakanda katika filamu ni Kixhosa, uamuzi uliotokana na mwigizaji John Kani kukitumia katika filamu ya Captain America: Civil War (2016). Mashabiki wa ukanda huu waliipokea filamu kwa fahari, na Kisumu, mji wa nyumbani kwa kina Lupita Nyong'o, uliandaa uzinduzi wake Februari 2018. Fahari hiyo ilikuwa ya haki. Lakini Afrika Mashariki ilipewa ardhi, na ulimi ukatoka kusini.

Kisichobadilishwa

Lililo zito zaidi ni lile ambalo filamu haikuligusa. Mgogoro wote umejengwa juu ya urithi wa kuumeni. T'Challa anarithi kiti cha baba yake, T'Chaka. Killmonger, aliyezaliwa Marekani, anakidai kwa kuwa baba yake, N'Jobu, alikuwa ndugu wa mfalme. Hata mizimu hufuata njia hiyo: baada ya kunywa dawa, T'Challa anakutana na T'Chaka, na Killmonger anakutana na N'Jobu. Mama wa Killmonger haonekani kabisa.

Kwa jicho la Uluguru, madai yote mawili yana walakini. Kwa mila za Waluguru, mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake. Ardhi ya ukoo na vyeo vya jadi hupita kwa mjomba kwenda kwa mpwa, mtoto wa dada. Cheo cha Kingalu huko Kinole, mashariki mwa milima hiyo, ni mfano wa vyeo vya jadi vilivyojengwa katika mfumo wa aina hiyo. Kwa kipimo hicho, T'Challa si mrithi wa T'Chaka, na Killmonger ni mtu wa ukoo wa mama yake wa Marekani. Mrithi halali angekuwa mtoto wa dada wa mfalme, mhusika ambaye katika filamu hayupo.

Inaweza kupingwa kwamba Wakanda ni nchi ya kubuni, isiyo na deni kwa Waluguru. Pingamizi hilo lina uzito, kwani mfumo wa kuumeni nao ni wa Kiafrika, na Uluguru kwenyewe mila imebadilika kwa athari za dini, sheria na soko la ardhi. Lakini filamu yenyewe ilichagua kukopa kutoka kwa jamii halisi. Mbunifu wa mavazi, Ruth E. Carter, alitumia blanketi za Wabasotho na kofia za wanawake wa Kizulu, na kazi hiyo ikamletea tuzo ya Oscar mwaka 2019. Iliyokopa vazi inaweza kuulizwa kwa nini haikuuzingatia ukoo.

Msimulizi na neno moja

Suala hili si la nadharia tupu, kwa kuwa nchini Tanzania filamu za kigeni huhamishwa tena katika vibanda vya video. Wasimulizi, ambao maarufu zaidi miongoni mwao alikuwa marehemu Derek Gaspar Mukandala, yaani Lufufu, huzisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Kiingereza humwita T'Chaka na kaka wa mama kwa neno lilelile. Kiswahili hakiruhusu hivyo: kwa Killmonger, T'Chaka ni baba mkubwa, na Ramonda, ambaye Killmonger anamsalimu kwa neno la Kiingereza linalozoeleka kutafsiriwa shangazi, ni mama mkubwa. Msimulizi akiteleza na kusema mjomba, mtazamaji wa Mgeta au Matombo atasikia jambo jingine kabisa: kwamba Killmonger ndiye mrithi halali, na T'Challa ndiye mnyang'anyi. Neno moja linageuza hadithi nzima.

Filamu ya pili, Wakanda Forever (2022), iliyotengenezwa baada ya kifo cha Chadwick Boseman mwaka 2020, iliwagawa mashabiki. Wengine walitaka T'Challa apewe mwigizaji mpya; wengine waliona heshima kumwacha apumzike. Shuri, dada mtu, anavaa joho la kaka yake, na kwa muda inaelekea upande wa kukeni umepata nafasi. Lakini katika ulimwengu wa mizimu Shuri anamtafuta mama yake na kumkuta Killmonger, binamu wa kuumeni, na mwishoni anatokea mtoto wa kiume wa T'Challa. Njia inarudi kwa baba.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba filamu inaweza kuiacha katuni kwa manufaa, kama ilivyofanya kwa M'Baku, na bado ikabaki imefungwa na dhana ambazo katuni haikuzihoji. Funzo hili linawahusu watunzi wa Tanzania. Siku masimulizi ya Kolelo, mzimu wa pangoni unaoheshimiwa Uluguru, yatakapochorwa kuwa katuni na kisha kuwa filamu, swali la kwanza lisiwe kama filamu inafanana na mchoro. Liwe: mtoto katika hadithi hii ni wa nani, na nani amekaa kwenye nafasi ya mjomba?