"Tenda Wema Nenda Zako": Methali na Ushahidi wa Ujiji

Katika methali zinazotumiwa mno madarasani mwetu, "Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani" haikosi kutajwa. Wanafunzi hutakiwa waithibitishe kwa insha, na insha hizo hufuata njia moja. Mtoto maskini humvusha mzee mtoni, miaka hupita, mzee yule, au mwanawe, hutokea kuwa tajiri, mtoto hupewa nyumba na kazi nzuri. Mwalimu hutia alama ya vyema. Ukiisoma methali kwa makini utaona kuwa insha hiyo imeikanusha. Aliyeambiwa aende zake amerudishwa mlangoni kupokea ujira, na wahenga wamefanywa madalali.

Kosa hili lina madhara, kwani kijana aliyefunzwa kwamba wema hulipa atauacha siku atakapokosa malipo.

Kwa mifano, sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hatuna haja ya kubuni. Mwanzoni mwa mwaka 1869 David Livingstone alikuwa mgonjwa taabani upande wa magharibi wa ziwa. Aliyemuuguza na kuamuru abebwe kwa machela hata ziwani ni Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Kutoka huko mgonjwa akavushwa kwa mitumbwi, akafika Ujiji mwezi Machi. Naye mgonjwa huyo alikuwa adui wa biashara ya watumwa!

Mwanafunzi mwerevu atauliza: Je, bin Gharib alikuwa mtu mwema? Swali hilo lisikwepwe, wala lisijibiwe kwa pupa. Methali yenyewe inasema "tenda". Inalitazama tendo, na haimpi mtendaji hati ya kusafishwa. Machela ile haikumfungua mtumwa hata mmoja. Hata hivyo ilimfikisha mgonjwa. Mtu mmoja aweza kuyabeba yote mawili, na fasihi inayowagawa watu kuwa malaika na mashetani haitatusaidia kumwelewa.

Mji ule ule ulikuwa na wa kinyume chake. Livingstone aliporudi Ujiji mwezi Oktoba 1871, akitoka Manyema, alikuta bidhaa zake zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza, aitwaye Sherifu. (Jina lenye maana ya utukufu, hapana haja ya kuongeza neno.) Ndipo Sayyid bin Majid alipomwendea, akajitolea kuuza sehemu ya pembe zake ili ampatie bidhaa. Livingstone alimwomba angoje kwanza. Baada ya siku chache akafika Henry Morton Stanley, na kukutana kwao ndiko kunakokumbushwa na nguzo iliyoko Ujiji hata leo.

Katika masimulizi ya Stanley mwenyewe, aliyetoka kumlaki kabla ya bwana wake ni Abdallah Susi. Susi huyu, pamoja na James Chuma na wenzao, ndio waliouchukua mwili wa Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873. Waliuzika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miezi mingi kuelekea pwani. Karibu na Tabora walikutana na Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wauzike pale pale. Wakakataa. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo.

Hapa inatupasa tuitazame methali kwa upande ambao waalimu wengi huuruka: inasemwa na nani, kwa nani? Neno "nenda" humwelekea aliyetenda. Linamkinga asiwe mtumwa wa shukrani za watu. Aliyetendewa hana haki ya kulitamka. Akilitamka, hekima hugeuka kisingizio. Yeye wahenga wamemwekea neno lake: "Shukrani ya punda ni mateke." Methali hizi mbili zingefundishwa siku moja, kila moja na mwenyewe, tungepunguza tabia ya kumhimiza mtu uvumilivu ilhali sisi ndio tunaopaswa kumkumbuka. Tabia hiyo ipo katika familia, na ipo maofisini. Nimewahi kusikia methali hii ikisomwa kwa sauti tamu katika sherehe ya kumwaga mzee aliyetumikia miaka mingi, siku ambayo hakupewa hata kiti cha mbele.

Tena ipo katika vitabu vya historia. Mwili ulizikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yamekwisha. Walikaa huko, wakamsaidia Horace Waller kutayarisha shajara za mwisho za marehemu zichapishwe, kisha wakarudi, wakaendelea na kazi ya kuongoza misafara. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, na Susi akamfuata mwaka 1891.