Chokoleti ya Karanga Isiyotiwa Sukari: Mwongozo wa Kupima Ubora kwa Majiko ya Ufipa

Kitafunwa cha chokoleti na siagi ya karanga kisichotiwa sukari hupimwa kwa vigezo vikali zaidi kuliko kile kilichotiwa, kwa sababu sukari, mbali na kuleta utamu, hufunika uchungu wa kakao isiyochachushwa vyema, huficha harufu ya mafuta ya karanga yaliyochacha, huongeza ujazo na hushikamanisha viungo, kama inavyoonekana katika kashata, ambayo bila sukari iliyoyeyushwa haigandi. Sukari inapoondolewa, kila kasoro ya karanga na ya kakao hubaki wazi mdomoni. Kwa hiyo ubora wa kitafunwa hiki huamuliwa kabla jiko halijawashwa, pale karanga zinapochambuliwa na kakao inapochaguliwa, wala hakuna kitamu mbadala kinachoweza kutengeneza kilichoharibika hapo.

Nyanda za juu za Ufipa zina sababu mbili za kuifanya kazi hii vizuri. Ya kwanza ni kwamba karanga hulimwa mkoani Rukwa kwenyewe, ilhali kakao hulimwa Kyela, mkoani Mbeya, kando ya Ziwa Nyasa, na hufikika kwa barabara ya lami inayotoka Sumbawanga kupitia Tunduma. Ya pili ni hali ya hewa: mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, na katika miezi ya Juni na Julai, wakati karanga za msimu zimekwisha kuvunwa na kukauka, baridi yake huiwezesha chokoleti kuganda na kudumu bila jokofu.

Maana ya kutotiwa sukari

Kabla ya kuonja, mpimaji hana budi kutenganisha madai mawili ambayo vibandiko vya bidhaa huyachanganya mara nyingi. Kwa miongozo ya Codex Alimentarius, yaani tume ya pamoja ya FAO na Shirika la Afya Duniani inayoweka viwango vya chakula, chakula huitwa kisicho na sukari iwapo sukari yake haizidi nusu gramu katika gramu 100, ilhali chakula kisichotiwa sukari ni kile ambacho mtengenezaji hakuongeza sukari wala kiungo chenye sukari nyingi, hata kama viungo vyenyewe vina sukari ya asili. Karanga zina takriban gramu 4 za sukari ya asili katika kila gramu 100, kwa hiyo kitafunwa ambacho sehemu yake kubwa ni karanga hakistahili kuitwa kisicho na sukari kabisa, na muuzaji anayekiita hivyo anapotosha hata kama amefanya kazi yake kwa uaminifu.

Dai jingine ni lile la wanga mdogo. Gramu 100 za karanga zina takriban gramu 16 za wanga kwa jumla, ambazo karibu nusu yake ni nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mmea ambayo mwili hauigeuzi kuwa sukari ya damu, na kinachobaki ni kidogo. Dai hili huvurugwa na asali, ambayo wengi huiona kuwa mbadala halali kwa sababu ni ya asili na hupatikana kwa wingi kutoka mikoa ya Katavi na Tabora. Kijiko kimoja cha mezani cha asali, chenye gramu 21 hivi, hubeba takriban gramu 17 za sukari, kiasi kinacholingana na wanga wote ulio katika gramu 100 za karanga. Asali ni chakula kizuri, lakini kitafunwa kilichotiwa asali kimetiwa sukari, na tende zilizosagwa ziko katika hukumu hiyohiyo.

Karanga

Hatari kubwa zaidi katika karanga haionekani kwa macho wala haionjeki kwa ulimi. Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa na unyevu. Ndiyo iliyosababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi, na kuzikaanga karanga hakuiondoi yote. Ubora wa karanga huanzia basi kwenye ukavu wake, na mnunuzi makini huuliza jinsi zilivyobanguliwa, kwa kuwa baadhi ya wabanguaji huyalowesha maganda ili yalainike vidole visiumie, na unyevu huo ndio unaoamsha kuvu hata katika karanga zilizokuwa zimekauka shambani. Aliye na nafasi anunue karanga zenye maganda, azibangue zikiwa kavu.

Uchambuzi hufanyika kwenye ungo, mchana, mahali penye mwanga wa kutosha. Punje zilizosinyaa, zilizopasuka ngozi, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu au zilizoanza kuota hutolewa zote, bila huruma ya kuokoa uzito. Kisha huchukuliwa punje 20 zinazoonekana nzima na kila moja hupasuliwa katikati kwa kidole gumba, kwa sababu kati ya nusu mbili za punje mna uwazi mdogo ambamo kuvu huweza kujificha huku ngozi ya nje ikibaki nyororo. Uwazi huo ukiwa na weusi, umanjano mzito au ungaunga wa kijivu katika punje hata moja, shehena nzima hukataliwa. Punje zilizotupwa hazipewi kuku, kwani sumu hiyo huwadhuru pia.

Baada ya usalama huja ulinganifu. Mbegu zilizotolewa na kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kama vile Pendo ya mwaka 1998 na Mnanje ya mwaka 2009, hazilingani kwa ukubwa wa punje, na sokoni mbegu za namna mbalimbali huchanganywa katika gunia moja. Mchanganyiko huo ukiwekwa kwenye kikaango kimoja, punje ndogo huungua kabla kubwa hazijaiva katikati, na ladha ya kuungua, ambayo sukari ingeipunguza makali, hutawala siagi yote. Fundi mzuri hutenga punje kwa ukubwa, akakaanga kila fungu peke yake kwa moto mdogo wa mkaa huku akigeuza bila kupumzika, na huamua kuiva kwa kuipasua punje: rangi ya dhahabu iliyoenea sawasawa hadi ndani ni dalili ya kuiva, ilhali ukingo wa kahawia na kiini cheupe ni dalili ya haraka.

Kusaga nako kuna vipimo vyake. Karanga zilizopepetwa ngozi na kusagwa zikiwa bado na uvuguvugu hupita hatua tatu, yaani unga, donge na hatimaye rojo linalomiminika, na mwenye kinu au mashine ndogo hushawishika kuifupisha safari hiyo kwa kuongeza mafuta ya alizeti, ambayo Rukwa huzalishwa kwa wingi. Mafuta hayo hulainisha haraka, lakini hayagandi, hivyo ujazo wa kitafunwa, yaani siagi ya karanga iliyo ndani ya ganda la chokoleti, hubaki telezi na hutoka pembeni kikikatwa. Siagi iliyosagwa kwa karanga tupu hujitenga mafuta juu baada ya siku kadhaa, na kujitenga huko kunathibitisha kwamba haikutiwa mafuta yaliyogandishwa kiwandani; hukorogwa tu ikarudi hali yake.

Kakao

Ladha ya chokoleti huzaliwa katika uchachushaji, yaani siku tano hadi saba ambazo mbegu mbichi za kakao hulundikwa pamoja na utomvu wake mtamu mpaka zipate joto na kubadilika ndani, kabla ya kuanikwa. Anayepata mbegu kavu kutoka Kyela huzipima kwa kuzikata kwa urefu: iliyochachushwa vyema ni ya kahawia na ina mifereji mingi ndani, yenye zambarau haikukamilisha safari yake na itakuwa kali, na ya kijivu iliyoshikana haikuchachushwa kabisa na haifai. Zilizo nzuri hukaangwa taratibu, zikapepetwa maganda na kusagwa mpaka mafuta yake yatoke na kuwa tungamo, yaani kakao nzima isiyoongezwa wala kupunguzwa kitu, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni siagi ya kakao.

Anayetumia bidhaa za dukani hupima kwa kusoma. Unga wa kakao ni tungamo lililokamuliwa sehemu kubwa ya siagi yake, na weusi wake si ushahidi wa ubora, kwa kuwa baadhi ya viwanda huutibu kwa alkali ili uwe mweusi na upungue ukali. Unga wa kinywaji cha chokoleti ni kitu kingine, kwa kawaida una sukari kama kiungo kikuu, na hauna nafasi katika kazi hii. Chokoleti iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea mengine badala ya siagi ya kakao hutambulika mdomoni kwa kuacha utando kama wa nta kwenye kaakaa, kwani siagi ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi joto 34, chini kidogo ya joto la mwili, na ndiyo maana huisha ulimini bila kuacha kitu.

Kitamu mbadala

Vitamu mbadala hupimwa kwa mambo matatu: kinachoacha mdomoni, ujazo kinachotoa, na athari yake kwa sukari ya damu. Stevia, inayotokana na majani ya mmea, ina utamu mara 200 hadi 300 ya sukari, kwa hiyo hutiwa kwa ncha ya kisu. Ikizidi huacha uchungu unaokaa. Eritritoli ina utamu wa takriban asilimia 60 hadi 70 ya ule wa sukari na hutoa ujazo, lakini huacha ubaridi ulimini na haiyeyuki katika mafuta, hivyo isiposagwa ikawa laini kama unga wa ngano, kitafunwa huwa na mchanga. Maltitoli, inayotumika katika peremende nyingi zinazodai kutokuwa na sukari, hupandisha sukari ya damu na haifai kwa anayetafuta wanga mdogo. Zailitoli ni sumu kali kwa mbwa, na nyumba yenye mbwa ni heri isiiweke.

Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu visivyo sukari, stevia ikiwemo, visitumike kama njia ya kudhibiti uzito, ushauri ambao haukuwalenga watu ambao tayari wana kisukari. Kwa hiyo kitafunwa bora ni kile ambacho utamu wake ni mdogo na karanga ndiyo inayotangulia. Kiasi kinachofaa kuanzia ni gramu 200 za siagi ya karanga, gramu 30 za siagi ya kakao, gramu 20 za eritritoli iliyosagwa na chumvi kidogo kwa ujazo, pamoja na gramu 150 za tungamo la kakao, gramu 30 za siagi ya kakao na gramu 40 za eritritoli kwa ganda la nje.

Kugandisha na kuonja

Siagi ya kakao huweza kuganda katika maumbo kadhaa ya fuwele, na ni moja tu linalotoa mng'ao na ugumu unaotakiwa. Ili kulipata, chokoleti huyeyushwa hadi nyuzi joto 45, hupozwa kwa kukorogwa hadi 27 au 28, kisha hupashwa tena hadi 31 au 32. Sumbawanga maji huchemka kwenye takriban nyuzi joto 94 badala ya 100 kwa sababu ya mwinuko, lakini bado ni moto kupita kiasi, hivyo bakuli hukaa juu ya sufuria iliyokwisha kuepuliwa, na mvuke huzuiwa usiingie, kwa kuwa matone machache tu ya maji huifanya chokoleti ishikane ikawa donge lisilomiminika. Ncha ya kisu iliyochovywa ikiganda kwa mng'ao ndani ya dakika chache, chokoleti iko tayari.

Kuonja hufuata mpango, na mwonjaji aliyekunywa chai ya tangawizi muda mfupi uliopita hafai kuhukumu. Kwanza hutazamwa uso: unatakiwa kuwa na mng'ao usio na mabaka. Pili kitafunwa huvunjwa karibu na sikio, na ganda lililoganda vyema hukatika kwa mlio mkavu na ukingo ulionyooka, ilhali lililokosewa hupinda na kumomonyoka. Tatu hunuswa palipovunjika, ambapo karanga zilizochacha hutoa harufu ya rangi ya kupaka mlango. Nne huwekwa ulimini bila kutafunwa mpaka ganda liyeyuke lenyewe, na hapo hudhihirika mchanga wa kitamu, nta ya mafuta mengine au ukali wa kakao isiyochachushwa. Mwisho huhesabiwa ladha inayobaki baada ya kumeza: katika kitafunwa bora inayobaki ni karanga na kakao, katika kibovu ni kitamu.

Mabaka meupe yanayotokea baadaye hayapaswi kuchanganywa na kuvu. Yakisuguliwa kwa kidole yakayeyuka, ni siagi ya kakao iliyopanda juu, kasoro ya sura isiyodhuru, ambayo Ufipa husababishwa na tofauti kubwa kati ya baridi ya usiku na jua la mchana wakati wa kiangazi, na huzuiwa kwa kuhifadhi ndani ya bati lililofungwa katika chumba chenye kuta nene. Anayesafirisha kuteremka bonde la Ziwa Rukwa, kama vile Muze au Mtowisa, akumbuke kwamba joto la huko huiyeyusha kazi yote, na kwamba kitafunwa chenye baridi kikifunguliwa penye joto hupata umande. Afungashe vizuri na kukiacha kizoee kabla ya kukifungua. Anayetaka kuuza ajue pia kwamba usalama wa chakula Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019.

Kitafunwa hiki si dawa ya kisukari, na kwa kuwa gramu 100 zake hukaribia kilokalori 600, mgonjwa hana budi kukila kwa kipimo alichoelekezwa na mtaalamu wake wa afya. Kuhusu ubora, hukumu ni moja: fundi mwenye kitamu cha bei ghali na karanga ambazo hazikuchambuliwa atashindwa na fundi asiye na kitamu chochote lakini mwenye ungo, mwanga wa mchana na subira ya kupasua punje moja baada ya nyingine.