Dalali Aliyeiruka Herufi S

Senti ya Lincoln ya mwaka 1969 iliyonadiwa juzi mtandaoni haikuwa na urudufu wa muhuri. Nalisema mapema, asiwepo wa kunisubiri hadi mwisho. Ni sarafu ya kawaida iliyotikiswa na mashine, na dalali aliuonyesha ushahidi wa hilo mwenyewe mbele ya kamera.

Mlioangalia mnakumbuka. Kamera ilisogezwa kwenye tarehe, 69 ikaonekana na kivuli chake, kisha ikateremshwa hadi kwenye S ya San Francisco. S nayo ilikuwa na kivuli. Dalali akachangamka, akaihesabu kuwa uthibitisho wa ziada, na bei ikapaa.

Hapo ndipo sarafu ilipopaswa kuondolewa mezani. Enzi hizo muhuri mama ulikandamizwa kwenye chuma cha muhuri wa kazi zaidi ya mara moja, na katikati chuma kililainishwa kwa moto. Mkandamizo wa pili ukizunguka kidogo tu, tarehe na maandishi huingia mara mbili; huo ndio urudufu wa muhuri. Lakini S haikuwamo kwenye muhuri mama! Fundi aliigonga kwa mkono baadaye, kwa hiyo kosa la mkandamizo haliwezi kuigusa. Senti halali ya 1969-S ina S moja safi chini ya tarehe iliyorudiwa. Mtabisha kwamba huenda fundi aligonga S mara mbili. Hutokea, ila ni hitilafu nyingine kabisa, na isingekuwa na kivuli cha upande uleule wa tarehe, bapa, chenye ngazi, kilichokula unene wa herufi. Urudufu wa muhuri huongeza unene na kuzipasua ncha za herufi. Huu wa mashine hupunguza: muhuri uliolegea umeteleza juu ya sarafu iliyokwisha kupigwa chapa na kuisawazisha kingo.



Najua nitaambiwa kwamba hata maafisa wa Secret Service ya Marekani walizikamata 1969-S za mwanzo zenye urudufu wakidhani ni bandia, kisha wakakubali ni halali. Walikosea, lakini wakati huo kweli kulikuwa na senti bandia za mwaka huohuo. Dalali wetu alisingizia nini? Bill Fivaz na J. T. Stanton walishaeleza kwa kirefu katika kitabu chao Cherrypickers' Guide namna ya kuutenga urudufu wenye thamani na usio nayo. Kizazi kile kiliangalia herufi kwanza. Hiki cha sasa kinaangalia idadi ya watazamaji.

Na msinianzishie ile 1955 "ya maskini", ambayo 5 yake ya mwisho imevimba kwa sababu muhuri ulichakaa. Ni uchakavu tu uliopewa jina la heshima. Ishike ile halisi ya Philadelphia ya mwaka huohuo: maandishi yameachana hadi macho matupu yanaona, huku uso wa Lincoln ukiwa karibu mzima, maana mzunguko ulikuwa na kitovu chake katikati, na kwenye kitovu mwendo huwa mdogo.

Mwenye hamu ya urudufu wa kweli kwa bei ya kawaida atafute ya 1995 ya Philadelphia. Neno LIBERTY limeachana wazi, na haina alama ya kiwanda ya kumchanganya dalali.