RNA ya kwenye shahawa ilipatikanaje?

Mwanachuo wa ualimu anayesoma baiolojia pale chuo cha DUCE, Chang'ombe, kesho atafundisha kwamba vinasaba vya baba hukaa kwenye kichwa cha mbegu ya kiume. Ni kweli. Lakini ukiziondoa mbegu zote, majimaji yanayobaki bado yana RNA, imefungiwa ndani ya vifuko vya utando vidogo mno. Mwanamume akimwaga mara moja, hutoka navyo kwa matrilioni.

Kuvitenga ndiyo kazi. Mashine ya kawaida ya kuzungushia damu hushusha mbegu na seli hadi chini ya mrija. Vifuko hubaki vikielea. Ili navyo vitue, inatakiwa mashine ya kasi kubwa, yenye nguvu ya takriban mara 100,000 ya mvutano wa dunia. Na vikishatua, utajuaje kuwa RNA imo ndani, haikujibandika nje? Huwekwa kimeng'enya kinachokula RNA: iliyo wazi huliwa, iliyokingwa na utando husalimika.

Mwaka 2014 timu ya Lucia Vojtech na Florian Hladik, huko Seattle, Marekani, ilisoma RNA hiyo kutoka kwa wanaume sita. Waliigawa kwanza kwa urefu, nyukleotidi 20 hadi 40 kando na 40 hadi 100 kando, kisha kila fungu likasomwa peke yake. Kwangu huo ndio uamuzi bora wa kazi nzima, maana aina moja haikupata nafasi ya kuifunika nyingine. Katika fungu fupi, maikroRNA zilikuwa asilimia 21.7. Kati ya aina zake 2,600 hivi zinazojulikana, 10 tu zilichukua zaidi ya asilimia 40 ya maikroRNA zote. Vipande vya tRNA navyo vilikuwa hasa na urefu wa nyukleotidi 18–19 au 30–34. Takataka zilizomeguka ovyo hazitoki kwa vipimo hivyo.

Huku kwetu ugumu unaongezwa na VVU. Kirusi hicho kina upana wa nanomita 120 hivi, kina utando, kina RNA: chekecheo linalopitisha kifuko linakipitisha nacho. Utafiti wa jozi 3,408 za wenza, Moshi ikiwa miongoni mwa vituo vyake, haukubanwa na tatizo hilo. Uchambuzi wake wa 2011 ulipima RNA ya kirusi katika majimaji ya uzazi, na kipimo cha namna hiyo hutafuta mfuatano unaojulikana tayari. Anayetaka vifuko vyenyewe kutoka kwa mwenye VVU hana njia hiyo ya mkato.

Vifuko hivyo vinafanya nini mwilini mwa mwanamke? Watu wa Seattle walisema huenda vinapoza kinga. Maabara ya Chioma Okeoma, Iowa, iliona vifuko vya wanaume wasio na VVU vikikizuia kirusi kuambukiza seli.