Pini Yangu, Simu Yangu: Kaunta ya Homa Bay Imenimaliza

Jamani, nimeiona! Najua msomaji wa Nairobi atacheka, maana kwake hili ni jambo la kila siku, lakini niacheni nishangilie. Kwenye mkahawa wa samaki mjini Homa Bay, mhudumu hakuniletea mashine, hakunielekeza kwenye bango la till namba, wala hakuomba kushika simu yangu. Aliuliza tu, "Namba yako, mkubwa?" Akaibonyeza kwenye tableti, na kabla sijapangusa mafuta ya ngege vidoleni, skrini yangu ikawaka yenyewe: jina la mkahawa, kiasi ninachodaiwa, na nafasi ya kuweka pini ya M-Pesa. Nikaweka tarakimu zangu nne. Meseji ikaingia kwangu, tableti yake ikalia. Mambo kwisha!

"Nimekutumia STK, weka pini," yaani ombi hilo la malipo, ndivyo wanavyosema makarani, bila mbwembwe yoyote, kana kwamba wanakupitishia chumvi. Mimi nilitaka kusimama juu ya kiti.

Fikiria kadi ya benki. Unaandika siri yako kwenye mashine ya mtu usiyemjua, mkono mmoja ukiziba mwingine, aliyeko nyuma yako kwenye foleni akijifanya anatazama bei ya sukari. Hapa kitufe ninachobonyeza ni changu mwenyewe. Tableti ya mkahawa inajua namba yangu na kiasi cha pesa, basi. Pini inaandikwa kwenye menyu iliyo ndani ya laini yangu, inatoka humo ikiwa imefichwa kwa msimbo hadi kwenye mitambo ya M-Pesa, na mwenye duka anarudishiwa jibu tu: amelipa, au hajalipa. Hata tableti hiyo ikijaa virusi hadi pomoni, haina pini ya kuibiwa!

Na hii ndiyo sehemu inayonipandisha mori. Tangu Mskoti James Goodfellow aombe hataza ya namba ya siri ya mashine ya kutolea pesa mwaka 1966, desturi imekuwa mteja kuipeleka siri yake kwenye kifaa cha mwingine. Hata mwaka 2018, baraza la PCI linalosimamia viwango vya malipo ya kadi lilipotoa kanuni za kuandika pini kwenye simu za kawaida, simu iliyokusudiwa ilikuwa ya muuzaji. Sisi tulishazoea kinyume chake tangu M-Pesa ianze Machi 2007: pini inaandikwa kwa mwenyewe. Lipa na M-Pesa ilipokuja 2013, shida ilikuwa safari ya menyu, till namba, kiasi, pini, hakiki. Safaricom, wenye M-Pesa, walipofungua Daraja, mlango wao wa kuunganisha programu, mwaka 2017, mtengenezaji yeyote wa programu za duka akaweza kukuletea ombi lililokwisha kujazwa. Mwaka huohuo kule Nakuru walijaribu 1Tap, ambapo unagusisha kadi, kibandiko au bangili, kisha unaweka pini kwenye simu yako. Mguso haukuenea. Pini mkononi mwa mteja imebaki, na kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa na thamani.

Nilipofika Migori nikataka kuutesa mfumo huu. Kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara ya Isebania nilitoa simu ya kabambe, ile ya vitufe vya mpira vilivyofutika hadi tano na nane zinatambulika kwa kupapasa. Haina intaneti, haina bando, haina kamera. Ombi likaja vilevile! Nikabonyeza, nyota nne zikajipanga, pampu ikaruhusiwa. Sijui kifaa kingine cha usalama wa malipo kinachomhudumia mwenye simu ya bei ya chini kabisa sawasawa na mwenye ile ya kioo kikubwa.

Kasoro zipo. Kutaja namba ya simu kwa sauti mbele ya foleni hakunipendezi. Omba uiandike mwenyewe, wengi watakupa tableti. Ombi halina subira: ukichelewa kutafuta miwani, linajifuta na karani anaanza upya. Ukikaribia mpaka wa Sirari, simu inaweza kunasa mtandao wa Tanzania, na hapo mambo hayana uhakika. Kubwa zaidi, mtu mwenye namba yako na nia mbaya anaweza kukurushia ombi ambalo hukuliomba, akitumaini utabonyeza kwa mazoea. Ukiona jina usilolijua, futa. Na ukiona laini imezima ghafla bila sababu, piga huduma kwa wateja papo hapo, kwani wezi wa laini huanzia hapo.

Kilichoniudhi kabisa ni safari ya kurudi. Kwenye matatu ya Rongo kwenda Homa Bay, makanga bado ananisomea namba yake binafsi, tarakimu kumi, muziki ukiwa juu, gari likiruka matuta. Nikikosea moja, nauli imeenda kwa mtu nisiyemjua, na kazi yangu ni kuituma ile meseji kwa 456 nikiomba irudishwe. Wenye sacco, tableti moja tu, tafadhali!