Nani Ameketi Kitini pa Hakimu? Ushahidi na Hatia katika Filamu za Japani na Korea

Utangulizi

Wahakiki wengi, hapa kwetu na kwingineko, wamezoea kuziweka hadithi za upelelezi, za uhalifu na za mizuka katika daraja la chini la fasihi. Hoja yao ni kwamba kazi za aina hii hufuata kanuni moja: fumbo hutegwa mwanzoni, hadhira huhangaishwa katikati, na mwishoni mpelelezi huleta jibu, kila mtu akaenda kulala kwa amani. Msomaji wa Kiswahili anaifahamu kanuni hiyo tangu Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alipoingia uwanjani katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Makala haya hayakusudii kuipinga hoja hiyo kwa jumla. Yanakusudia kuonyesha kwamba zipo kazi zinazoitumia kanuni hiyo ili kuihoji, na kwamba kuihoji huko ni suala la haki kabla ya kuwa suala la fani: nani mwenye mamlaka ya kusikiliza ushahidi na kumtia mtu hatiani?

Tutazichunguza filamu nne. Mbili ni za Japani: Rashomon ya Akira Kurosawa (1950) na Ugetsu ya Kenji Mizoguchi (1953). Mbili ni za Korea Kusini: Salinui Chueok ya Bong Joon-ho (2003), jina ambalo maana yake ni Kumbukumbu za Mauaji, na Gokseong ya Na Hong-jin (2016). Hatudai kwamba Wakorea hawa ni wanafunzi wa Wajapani. Japani iliitawala Korea kimabavu tangu 1910 hadi 1945, na kwa sababu ya jeraha hilo filamu za Kijapani zilipigwa marufuku katika majumba ya sinema ya Korea Kusini hadi mwaka 1998. Tunachodai ni kwamba swali lililo kiini cha filamu hizi ni moja.

Hakimu asiyeonekana

Rashomon imejengwa juu ya hadithi fupi mbili za Akutagawa Ryunosuke. Samurai amekutwa amekufa msituni. Mnyang'anyi Tajomaru, mke wa marehemu, na marehemu mwenyewe kwa kinywa cha mwanamke apandishaye mizimu, wote wanatoa ushahidi, na hakuna ushahidi unaolingana na mwingine. Baadaye mkata kuni aliyeiona maiti anatoa maelezo ya nne.

Tangu filamu hii iliposhinda tuzo kuu ya Venice mwaka 1951, imekuwa desturi kusema kwamba dhamira yake ni kuwa ukweli haupo, au kwamba kila mtu ana ukweli wake. Kwa maoni yetu, tafsiri hiyo ni nyepesi mno. Katika hadithi za kawaida za uhalifu kila mshukiwa hukana. Hapa kila mmoja anajitwika kifo kile. Mnyang'anyi anasema alimuua samurai kwa upanga katika pambano la kiume. Mke anadokeza kwamba jambia lilikuwa mkononi mwake. Marehemu anasema alijiua. Hawa hawasemi uongo ili wakwepe adhabu, bali ili waokoe heshima. Yu tayari mtu kunyongwa kama jasiri kuliko kuachwa huru kama mwoga.

Mkata kuni ndiye anayetuvulia pazia hilo: katika maelezo yake pambano lile tukufu ni la wanaume wawili wanaotetemeka na kuanguka chini. Lakini naye ameficha jambo, kwani jambia la thamani lilitoweka na kila dalili inamwelekea yeye. Mabwana wanadanganya kwa ajili ya heshima. Maskini anadanganya kwa ajili ya njaa. Maelezo haya ya mwisho ya mkata kuni hayamo katika Akutagawa. Yameongezwa na filamu, na nyongeza hiyo ndiyo inayoleta suala la tabaka.

Jambo la pili ni la kifani. Mashahidi wameketi uani mwa mahakama wakiielekea kamera. Hakimu haonekani wala hasikiki. Maswali yake tunayakisia kutokana na majibu. Mahali alipopaswa kukaa hakimu pamewekwa mtazamaji. Filamu inamkalisha kitini, inampa ushahidi wote, kisha inamnyima hukumu. Hapo ndipo tunapoielewa hatima ya mkata kuni, ambaye ana watoto sita na anamchukua mtoto mchanga aliyetupwa langoni. Wako wanaouona mwisho huu kuwa wa kuihurumia hadhira. Sisi tunauona kuwa jibu: yule asiyeweza kuthibitisha kwamba ni mkweli bado anaweza kutenda haki.

Mzuka kama shahidi

Ugetsu, iliyotokana na hadithi za Ueda Akinari za mwaka 1776, huainishwa kama hadithi ya mizuka. Mfinyanzi Genjuro anamwacha mkewe Miyagi wakati wa vita vya wakabaila vya karne ya 16, anakwenda mjini kuuza vyungu, na huko ananaswa na mapenzi ya Bibi Wakasa, ambaye kumbe ni mfu. Lakini mzuka wenye uzito zaidi si huyu. Ni Miyagi. Sisi tumekwisha kumwona akichomwa mkuki na askari wenye njaa, mtoto akiwa mgongoni. Genjuro anaporudi anakuta nyumba tupu na jiko baridi. Kamera inamfuata anapoizunguka nyumba, na inaporejea ndani, bila kukatizwa, moto unawaka na mkewe ameketi anapika. Asubuhi mkuu wa kijiji ndiye anayemwambia kwamba Miyagi ni marehemu.

Hapa mbinu ya kifantasia inafanya kazi ambayo uhalisia usingeiweza. Mauaji ya Miyagi ni jinai ambayo hakuna mahakama itakayoisikiliza. Waliotenda ni askari wasio na majina, nao wametokomea. Mzuka ndio ushahidi pekee uliobaki, na mshtakiwa wake ni mume aliyefuata faida. Naye Miyagi hamlaumu hata kwa neno moja. Upole huo ndio hukumu yenyewe.

Shamba la mpunga

Tunapofika Salinui Chueok tunatoka katika karne za kale na kuingia katika jinai halisi. Kati ya 1986 na 1991 wanawake kumi waliuawa katika eneo la Hwaseong, kusini mwa Seoul. Filamu inawafuata wapelelezi wawili: Park, wa shamba, anayeamini kwamba humtambua mhalifu kwa kumtazama machoni, na Seo, kutoka mji mkuu, anayeamini nyaraka. Hiyo ni jozi ya kawaida ya hadithi za upelelezi, na kanuni ingetaka akili ya Seo ishinde. Bong haruhusu. Mahabusu wanapigwa na kufundishwa maungamo yao. Wapelelezi wanapoomba askari wa kulinda mashamba usiku, wanaambiwa kwamba askari wamekwenda kuzima maandamano. Huo ulikuwa wakati wa utawala wa kijeshi wa Chun Doo-hwan. Januari 1987 mwanafunzi Park Jong-chol alikufa akiteswa na polisi. Dola yenye nguvu ya kumtesa raia haikuwa na nguvu ya kumlinda.

Ushahidi wenye thamani unapatikana pale tu askari wa kike anapoketi na mwanamke aliyenusurika na kumsikiliza. Ndipo inapojulikana kwamba mikono ya muuaji ilikuwa laini. Aliyesikiliza alipata kile ambacho waliopiga hawakukipata.

Mwishoni Seo mwenyewe, mtu wa nyaraka, anataka kumpiga risasi mshukiwa ambaye vinasaba vyake havilingani na vya muuaji. Nasi watazamaji tunatamani amuue. Historia imekwisha kutusuta. Mwaka 2019 vinasaba vilimfichua Lee Choon-jae, aliyekuwa tayari gerezani kwa mauaji mengine ya mwaka 1994. Muda wa kisheria wa kumshtaki kwa yale ya Hwaseong ulikuwa umekwisha. Alikiri pia mauaji ya nane, ambayo mtu mwingine alikwisha kufungwa kwayo takriban miaka 20 kwa ungamo alilolazimishwa. Mtu huyo aliondolewa hatia mwaka 2020. Mtazamaji aliyeshangilia bastola ya Seo na ajiulize amekuwa akishangilia nini.

Filamu hii ina kasoro yake. Wanawake waliouawa tunawajua zaidi kwa mvua na mavazi yao mekundu kuliko kwa maisha yao. Ni msichana wa shule tu, ambaye Seo aliwahi kumbandika plasta mgongoni, anayepewa nafasi ya kuwa mtu kabla ya kuwa maiti. Mizoguchi, kwa mizuka yake, alimpa aliyeuawa sauti kubwa zaidi.

Gokseong tuigusie kwa ufupi. Maradhi na mauaji yanaingia kijijini, na uvumi unamwelekea Mjapani mgeni aishiye msituni. Filamu inaonyesha vizuri jinsi uvumi unavyogeuka kuwa hukumu, na jinsi kumbukumbu ya ukoloni inavyoweza kuuchochea. Lakini dalili zake hupangwa na kupanguliwa ili kumtega mtazamaji. Katika Rashomon mashahidi ndio wanaodanganya. Katika Gokseong mara nyingi anayedanganya ni msimulizi, na hapo swali la haki linadhoofika.

Hitimisho

Ni dhahiri basi kwamba daraja la kazi haliamuliwi na utanzu wake. Fumbo lisilofumbuliwa laweza kuwa uvivu wa mtunzi, na laweza kuwa uaminifu wake. Kipimo tunachokipendekeza ni hiki: je, kazi inapotunyima jibu, inatufanya wasikilizaji bora wa ushahidi, au inatuacha tumechanganyikiwa tu? Mhakiki anayezidharau hadithi za upelelezi kabla ya kuuliza swali hilo amekwisha kutoa hukumu bila kuwasikiliza mashahidi.